Shajara ya mradi: kuutwisha mfumo wa viti mzigo mpaka uelemewe

3 Machi: mazingira na lengo

Naanza kuandika leo kwa sababu mara ya mwisho hatukuandika. Tulipoulizwa kwa nini mfumo ulianguka, kila mtu alikuwa na jibu lake. Mfumo wenyewe ni wa kuhifadhi viti: milango inafunguliwa saa maalumu, na watu wote waliokuwa wakingoja wanabofya kwa pamoja. Mara iliyopita ulikwenda vizuri dakika tatu, ya nne ukasimama, na ilichukua saa nzima kuuinua.

Tuna seva mbili za programu, mbele yake proksi moja (seva inayopokea maombi ya watu na kuyagawa), nyuma yake hifadhidata ya PostgreSQL kwenye mashine ya viini 8 vya kichakataji. Nimejenga nakala ya mazingira hayo pembeni kwa ukubwa uleule, nikatia data ya kubuni: matukio 5,000 na viti milioni 2. Kazi imekula siku moja na nusu na haina la kusimulia isipokuwa hili moja: usipunguze data. Jedwali la mistari elfu moja linaenea lote kwenye kumbukumbu ya mashine, na litajibu upesi hata kama faharisi, ile orodha ya kutafutia mistari haraka, imesahauliwa.

Lengo ni maombi 1,500 kwa sekunde, moja kati ya kila matano likiwa la kuhifadhi kiti na mengine ya kutazama tu. p99 isizidi milisekunde 500, yaani maombi 99 kati ya 100 yawe yamejibiwa ndani ya muda huo.

Namba ya 1,500 imetoka wapi? Logi (rekodi za seva) za siku ile zinaonyesha kilele cha 610 kwa sekunde, na karibu niishike hiyo. Lakini seva iliyoelemewa huandika yale tu iliyowahi kuyapokea. Waliogonga mlango wasifunguliwe hawamo kwenye logi. Kwa hiyo nimechukua kasi ya ongezeko la dakika tatu za kwanza, nikaiendeleza hadi dakika ya tano, nikapata kama 1,000, kisha nikaongeza nusu yake iwe tahadhari.

6 Machi: jaribio la kwanza, ambalo matokeo yake nimeyafuta

Nilitumia wrk, chombo cha kutuma maombi mengi kwa mpigo, kwa nyuzi 8 (kazi zinazokwenda sambamba) na miunganisho 200, kwa dakika 5. Matokeo yalipendeza: karibu maombi 2,000 kwa sekunde, nusu yake yakijibiwa ndani ya milisekunde 94, p99 milisekunde 210. Nikayatuma kwa wenzangu asubuhi ileile.

Alasiri mwenzangu wa upande wa hifadhidata akaja mezani kwangu.

"Samahani kaka, nadhani nilikuvurugia jaribio. Nilikuwa naongeza safuwima kwenye jedwali la viti, likafungwa sekunde kumi na mbili nzima."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini hivi. Hukuona?"

Sikuona. Saa nne na dakika ishirini nilikuwa katikati kabisa ya jaribio. Kwa sekunde 12 mfumo haukumjibu mtu hata mmoja, na ripoti yangu ilisema hali ni shwari. Dalili pekee ilikuwa mstari mmoja wa makosa chini kabisa, ulioandika timeout 200, yaani maombi 200 yaliyopitwa na muda bila jibu, nami nilikuwa nimeuruka.

Nilikaa na kalamu mpaka nikaelewa. Chombo changu kilikuwa na adabu kupita kiasi: kila muunganisho ukituma ombi, unangoja jibu ndipo utume jingine. Mfumo ukiganda, nao unaganda. Kwa hiyo katika sekunde zile 12 ni maombi 200 tu yaliyokwama, moja kwa kila muunganisho, kati ya maombi 576,000 ya jaribio zima. Hayo hayafiki hata 4 kati ya 10,000, na p99 haiwezi kuyaona. Watu hawana adabu hiyo. Anayefika sekunde ya saba hajui kwamba aliyefika sekunde ya tano bado hajajibiwa. Yeye anabofya tu. Kwa kasi ya 2,000 kwa sekunde, kuganda huko kungewapata watu 24,000.

Kosa hili linajulikana. Mhandisi Gil Tene alilieleza kwa kina na kulipa jina la *coordinated omission*, na ndiye aliyetengeneza wrk2, ambayo hutuma kwa kasi uliyoipanga na kuhesabu muda tangu pale ombi *lilipopaswa* kuondoka, hata kama liliondoka likiwa limechelewa. Nikarudia kwa `-R1500`, yaani kasi ya 1,500 kwa sekunde, dakika 5, na katikati nikalifunga jedwali mwenyewe kwa sekunde 12:

- nusu ya maombi: ndani ya milisekunde 41
- p90: sekunde 4.5
- p99: sekunde 11.2

Mfumo ni uleule, na hitilafu ni ileile. Iliyonishangaza zaidi ni p90. Kuganda kwa sekunde 12 ndani ya dakika 5 ni asilimia 4 tu ya muda. Iweje mtu mmoja kati ya kumi angoje zaidi ya sekunde 4? Jibu liko kwenye foleni iliyobaki nyuma. Katika sekunde 12 yalirundikana maombi 18,000. Mfumo ulipoamka uliweza kuhudumia 2,000 kwa sekunde, lakini 1,500 mapya yalikuwa yanaendelea kuingia, kwa hiyo foleni ilipungua kwa 500 tu kila sekunde. Ilichukua sekunde 36 kuisha. Sekunde 12 za hitilafu ziliwaumiza watu kwa sekunde 48.

Na kilichofunga jedwali? Amri ya `ALTER TABLE`, ile ya kuongeza safuwima, yenyewe ni ya sekunde chache sana, lakini ilikuwa inaingoja ripoti moja ndefu imalize kusoma, na wote waliokuja baada yake wakajipanga nyuma ya amri hiyo, hata waliotaka kusoma tu. Tangu leo kila badiliko la muundo linatanguliwa na `SET lock_timeout = '2s'`, yaani lisingoje kulifunga jedwali zaidi ya sekunde 2. Likishindwa, lishindwe lenyewe bila kuwazuia wengine kwa muda mrefu.

Namba zote za asubuhi nimezifuta kwenye jedwali letu la matokeo. Nimeandika barua kwa wenzangu kueleza sababu.

12 Machi: siku mbili kwenye seva isiyo na kosa

Niliona wageni wapya hawaji na miunganisho iliyokwisha kufunguliwa. Kila mmoja anafungua wake. Nikaandika skripti ndogo inayofungua muunganisho, inauliza, inapata jibu, inafunga. Kasi ikagoma kwenye 470 kwa sekunde. Nikiongeza nyuzi, 470. Nikiongeza seva ya programu, 470.

Nilishughulika na proksi siku mbili. Nikapandisha `somaxconn` (kikomo cha foleni ya miunganisho inayongoja kupokelewa), nikabadili idadi ya michakato yake ya kazi, nikasoma mipangilio mstari kwa mstari. Seva zilikuwa zinatumia asilimia 20 tu ya vichakataji, na hilo peke yake lilipaswa kunifumbua macho. Siku ya pili jioni ndipo nikatazama logi ya mashine *inayotuma*: "Cannot assign requested address", maelfu kwa maelfu.

Hesabu ni fupi. Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutoa porti za muda (namba ambazo kila muunganisho unaotoka huchukua moja) kuanzia 32768 hadi 60999, yaani 28,232. Upande unaofunga muunganisho kwanza huishikilia porti hiyo sekunde 60 katika hali ya TIME_WAIT. Gawa 28,232 kwa 60, unapata 470 na ushee kwa sekunde, kwa anwani moja kwenda anwani moja. Nilikuwa napima ukuta wa mashine yangu mwenyewe.

Marekebisho: `net.ipv4.ip_local_port_range` nimeipanua ianzie 10000, mashine ya kutuma nimeipa anwani nne za IP, na nimeongeza mashine ya pili. Kikomo cha faili zilizofunguliwa nacho nimekipandisha kutoka 1,024, maana hicho kingefuata. Kati ya proksi na seva za programu nimeacha miunganisho iwe inabaki wazi, kwa sababu mtego uleule umejificha pale.

Kanuni niliyoiweka kwa wanaofuata mradi huu: kabla ya kila jaribio, elekeza mashine ya kutuma kwenye ukurasa mtupu usiogusa hifadhidata, uone inafika wapi. Isipofika angalau mara mbili ya lengo lako, usiendelee.

14 Machi: wote kwenye tukio moja

Mpaka jana skripti ilikuwa inachagua tukio kwa bahati nasibu kati ya 5,000. Mzigo ulitawanyika vizuri, na kila kitu kilipita. Siku ya kufungua milango haiko hivyo. Watu wanataka kitu kimoja.

Nikaelekeza maombi yote ya kuhifadhi kwenye tukio moja. Yaliyofanikiwa: 240 kwa sekunde. Lengo linataka 300.

Sababu ilikuwa kwenye jedwali la matukio, ambako kila tukio lina mstari mmoja wenye safuwima ya viti vilivyobaki. Kila anayehifadhi anapunguza moja. PostgreSQL humruhusu mmoja tu kwa wakati kuubadilisha mstari huo, na yeye anaushikilia mpaka muamala wake (hatua zote za kuhifadhi kiti kwa pamoja) ukamilike. Muamala wetu ulichukua kama milisekunde 4. Sekunde moja ina 1,000. Gawa kwa 4, unapata 250. Hakuna mashine ya kununua itakayoivuka hesabu hiyo.

Hata hivyo nilijaribu seva ya tatu ya programu, ili iwepo kwenye rekodi. Ikashuka hadi 205, kwa sababu wanaongoja waliongezeka na kila anayengoja ana gharama yake. Kisha nikahamisha kile kitendo cha kupunguza kutoka mwanzo wa muamala hadi mwisho wake, ili mstari ushikiliwe muda mfupi. Ikapanda hadi 390. Kwa badiliko la kuhamisha mistari mitatu ya msimbo, hiyo ni zawadi, lakini bado ni mlango mmoja.

Suluhisho lenyewe lilikuwa kuiondoa hesabu ile. Kila kiti sasa ni mstari wake, na anayehifadhi anachukua kilicho huru kwa `FOR UPDATE SKIP LOCKED`, amri iliyomo PostgreSQL tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016: inaruka mistari iliyoshikwa na wengine badala ya kuingoja. Idadi ya viti vilivyobaki inahesabiwa mara moja kwa sekunde na kuwekwa kwenye kache, hifadhi ya muda ya kusomwa haraka. Kasi: 1,100 kwa sekunde kwenye tukio moja.

Nilitaka kufunga siku hapo, ila nina desturi ya kuhesabu data kila jaribio likiisha. Hakuna kiti kilichouzwa mara mbili. Hilo lilikuwa safi. Lakini viti 37 vilibaki bila mwenyewe, ilhali maelfu ya watu waliambiwa vimeisha. Nilivisoma vile viti kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimeshikwa na miamala iliyokuja kuvunjika dakika ya mwisho. Wakati vimeshikwa, waliofuata waliruka juu yake, hawakuona kingine, wakaambiwa vimejaa. Sasa ombi likikosa kiti linauliza swali la pili: je, kuna vilivyoshikwa lakini havijauzwa? Vikiwepo, linangoja milisekunde 200 na kujaribu tena mara moja. Vikiendelea kushikwa, mtu anaambiwa "subiri kidogo", siyo "vimeisha". Kwangu hili ni zito kuliko kasi yote iliyopatikana. Kumwambia mtu hakuna kiti ilhali kipo ni uongo, na jaribio linalopima muda peke yake lisingeugundua.

17 Machi: miunganisho ya hifadhidata

Fupi. `max_connections` ya PostgreSQL, yaani idadi ya juu ya miunganisho, huja ikiwa 100. Niliipandisha hadi 1,000 nikitarajia nafuu, kasi ikapungua kwa theluthi: kila muunganisho ni mchakato kamili wa mashine, na viini 8 haviwezi kufanya kazi za mia kadhaa kwa wakati mmoja bila kupoteza muda kuzibadilishana. Nikashuka: 500, 200, 80, 40, 20. Bora ilikuwa 20 kwa jumla.

Sheria ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961 ingeniambia mapema: idadi ya walio ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Maombi 1,500 kwa sekunde, kila moja likikaa kwenye hifadhidata milisekunde 10 kwa wastani, ni miunganisho 15 yenye kazi. Wengine wangoje nje, kwenye programu, ambako kungoja ni rahisi.

20 Machi: dakika ya 34

Majaribio ya dakika 5 yote yanapita. Nikaweka la saa 3 kwa kasi ya 1,500. Dakika ya 34 kila kitu kikadidimia kwa mpigo: p99 kutoka milisekunde 180 hadi zaidi ya sekunde 20. Hakuna aliyegusa kitu. Nikarudia. Dakika ya 34 tena.

Hitilafu inayofuata saa kwa uaminifu namna hiyo ni kitu kinachoisha. Kumbukumbu ilikuwa tele, faili zilizofunguliwa chache. Nikaenda kwenye grafu ya diski: ilikuwa ikisoma na kuandika mara 2,900 kwa sekunde, halafu ghafla 300, mstari ulionyooka kama rula.

Diski ya kukodi tuliyochukua imehakikishiwa mara 300 kwa sekunde. Inaruhusiwa kupanda hadi 3,000 kwa kutumia akiba, na akiba ikijaa ni mara milioni 5.4. Tulikuwa tunatumia 2,900, tunarudishiwa 300, kwa hiyo akiba ilipungua kwa 2,600 kila sekunde. Milioni 5.4 kwa 2,600 ni sekunde 2,077, yaani dakika 34 na nusu. Yote yameandikwa kwenye maelezo ya huduma. Hatukuyasoma kwa makini wakati wa kuchagua.

Nimechukua diski ya kasi isiyobadilika. Pia nimegundua kwamba karibu nusu ya maandishi ya diski yalikuwa logi za kina tulizoziwasha wakati wa kutafuta makosa na hatukuzizima. Baada ya kuzizima, matumizi yakashuka hadi 1,500. Saa 3 zimepita bila tatizo, kisha usiku kucha.

25 Machi: kuuangusha kwa makusudi

Sasa nilitaka kujua unaangukaje, na ukianguka unainukaje. Nikapanda hadi 3,000 kwa sekunde kwa dakika 2, kisha nikashusha hadi 500.

Ulielemewa, kama nilivyotarajia. Ambalo sikulitarajia ni kwamba baada ya kushusha haukuinuka. Dakika kumi nzima kwa maombi 500 kwa sekunde, robo ya uwezo wake, na bado karibu kila ombi lilishindwa. Hii ndiyo ile saa nzima ya mara iliyopita. Nilikuwa naitazama ikijirudia mbele yangu.

Programu ya mtumiaji hujaribu tena mara 3 ikishindwa. Proksi nayo hujaribu tena mara 3. Hiyo ni majaribio 4 kwa 4: ombi moja linazaa 16. Maombi 500 yanafika kwenye seva yakiwa 8,000, seva inashindwa, na kushindwa kwake kunazalisha mengine. Tena, yaliyohudumiwa yalikuwa ya watu walioshakata tamaa zamani. Seva ilitoka jasho kuandaa majibu yasiyo na wa kuyapokea.

Marekebisho yamechukua siku mbili:

- Proksi haijaribu tena. Anayejaribu tena ni programu ya mtumiaji peke yake, mara 2, kwa muda unaorefuka kila mara na uliochanganywa na bahati nasibu ili wote wasirudi kwa pamoja.
- Foleni ina kikomo. Ikijaa, ombi linakataliwa papo hapo kwa 503 (jibu la "huduma haipatikani kwa sasa") na kuambiwa lirudi baada ya muda gani.
- Kila ombi linabeba saa yake ya mwisho. Likiwa limepitwa, linatupwa kabla ya kugusa hifadhidata.

Kikomo cha kwanza cha foleni nilikiweka 5,000 na hakikusaidia: kwa uwezo wa 2,000 kwa sekunde, wa mwisho kwenye foleni angengoja sekunde 2.5, tayari nje ya lengo. Nimekishusha hadi 600. Kwa mzigo wa 3,000, mfumo sasa unahudumia kama 2,000 na kukataa 1,000 ndani ya milisekunde 5. Nilipouteremsha hadi 500, ulikuwa sawa baada ya sekunde 8.

28 Machi: mazoezi kamili

Tumefungua milango ya bandia: kasi kutoka 0 hadi 1,500 ndani ya sekunde 20, tukio moja, wageni wapya, saa 1. p99 ilikuwa milisekunde 310. Hakuna kiti kilichouzwa mara mbili, hakuna kilichobaki.

Uwezo wa juu kabisa niliopima ni 2,100, ila tunaahidi 1,500 na siyo zaidi. Katika foleni ya namna rahisi kabisa, seva yenye shughuli asilimia 50 humweka mtu, kungoja na kuhudumiwa pamoja, mara 2 ya muda wa kazi yenyewe; kwenye 80 ni mara 5, kwenye 90 mara 10, kwenye 95 mara 20. Maombi 1,500 yanatuweka kwenye 71.

Gharama mpaka leo: siku 17 za kazi za mtu mmoja, mbili zikiwa zimepotea kwenye porti, saa 140 za mashine za kukodi, na diski inayogharimu zaidi kila mwezi kuliko ile ya akiba.

Bado hatujaizima hifadhidata kuu katikati ya mzigo ili kuona nakala yake inavyoshika nafasi. Hilo limepangwa tarehe 2 Aprili, na mwenzangu wa hifadhidata ndiye atakayebonyeza kitufe, bila kuniambia dakika.